Piga Hodi Kabla Mbwa Hajafika: Likizo ya Unguja na Pemba na Familia na Mbwa Mwongozaji

Nilipompigia simu mama mkwe kumwambia kwamba safari hii tunakuja sote, mimi, mume wangu, watoto wawili na Toby, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Huyo Toby ndiye yule mbwa?" Nikamwambia ndiye. "Basi njooni, mwanangu. Ila mniambie mapema atalala wapi, nijue na mimi pa kutandika mswala wangu."

Swali lake hilo moja lilinipa kazi ya miezi.

Mume wangu haoni. Toby ni labrado wa rangi ya mchanga, na huku Uingereza tunakoishi ndiye anayemfikisha kazini na kumrudisha. Kwao mume wangu ni Jambiani, Unguja, kwetu mimi ni Wete, Pemba. Tumeshakwenda naye nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea karibu kila kitu, mara ya pili tulikaa wiki 3 bila kugombana na mtu. Ninayoyaandika hapa ni kwa mpangilio wa kuyafanya, na yatamfaa pia mwenye mbwa wa msaada wa aina nyingine, kama yule anayemtahadharisha mgonjwa wa kifafa au wa kisukari.

Hatua ya 1: Amueni kama mbwa aende au abaki

Wengi huiruka hatua hii. Kwetu mtu asiyeona hakosi bega la kushika. Wapo wapwa, mabinamu, watoto wa jirani. Kama likizo yenu yote itapita uani kwa bibi, fimbo nyeupe na mpwa mmoja mchangamfu vinatosha, na mbwa atapumzika kwenye ubaridi aliouzoea.

Mume wangu alitaka kitu kingine. Kwa miaka alikuwa akiota kutembea pwani ya kwao alfajiri, peke yake, bila kushikwa mkono na mtu na bila kuulizwa anakwenda wapi. Kwa hilo alimhitaji Toby. Kama nanyi mnacho kitu cha namna hiyo, endeleeni kusoma.

Chagueni majira. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba wakati wa upepo wa kusi, ndio wakati wa mbwa: jua si kali sana na mvua ni chache. Kaskazi ya Disemba hadi Februari ni joto la kumtesa mnyama mwenye manyoya. Masika, Machi hadi Mei, njia za vijijini hujaa maji. Tazameni pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani ni mwezi mzuri wa kuwa nyumbani, lakini si mwezi wa kuwatambulisha watu kwa mbwa.

Hatua ya 2: Karatasi, miezi 6 kabla

Mbwa achomwe chipu ya utambulisho kwanza, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa. Mkigeuza mpangilio, chanjo haihesabiwi. Baada ya siku 30 au zaidi tangu chanjo, atolewe damu ipimwe kinga. Kiwango kinachotakiwa ni uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita (0.5 IU/ml) na kuendelea. Kipimo hiki si cha kuingilia Zanzibar, ni cha kurudia. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziiweki Tanzania katika orodha ya nchi zenye masharti mepesi. Mkikisahau mkaja kukifanya mkiwa Zanzibar, mbwa atasubiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa ndipo aruhusiwe kurudi. Wanaorudi Marekani wana masharti yao, yaliyobadilika Agosti 2024, na Tanzania imo katika orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Fomu ya chanjo ya Marekani lazima igongwe muhuri wa serikali ya huko kabla hamjaondoka.

Kisha kibali cha kuingiza mnyama. Hapa ndipo tulipoanguka mara ya kwanza. Mifugo si jambo la Muungano. Kibali cha Bara ni cha Bara, na Zanzibar ina wizara yake na idara yake ya mifugo. Mkishukia Dar es Salaam halafu mkavuka, ombeni pande zote mbili. Tulishikiliwa bandarini kwa muda wa saa 4 kwa kudhani karatasi moja inatosha, na kusema kweli yule afisa hakuwa na kosa.

Msikasirike wakikagua cheti cha chanjo herufi kwa herufi. Pemba walianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010 mpaka kichaa cha mbwa kikatoweka; mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, ikabidi kazi ianze upya. Kwa watu wa kisiwani, mbwa mgeni asiye na karatasi ndiye mlango wa maradhi.

Upande wa ndege, andikieni shirika mapema mwombe jibu la maandishi. Mengi hukubali mbwa akae miguuni pa mwenyewe iwapo tu alifunzwa na taasisi iliyo chini ya Shirikisho la Kimataifa la Mbwa Waongozaji au chombo kinacholingana nalo, basi beba cheti. Ulizeni pia kuhusu uwanja wa kubadilishia ndege, kwa sababu nchi ya katikati nayo huweza kudai kibali chake. Na kurudi Uingereza mbwa akiwa ndani ya ndege pamoja nanyi ni kwa njia zilizoidhinishwa tu, kwa hiyo msinunue tiketi ya kwenda kabla hamjaijua ya kurudi.

Binadamu nao wana karatasi yao: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni mwenye pasipoti ya nje hukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Mbwa haimhusu.

Hatua ya 3: Pigeni hodi

Hii ndiyo hatua yenyewe. Karatasi zinamfikisha mbwa bandarini. Kutoka bandarini mpaka barazani ni kazi ya maneno, na maneno hayo yatangulie kabla ya mbwa.

Msiseme "mbwa wetu". Semeni "mbwa wa kazi". Mara ya kwanza nilimwita Toby "mmoja wa familia", nikaona nyuso zinavyobadilika. Mara ya pili ami yake mume wangu alitutangulia kuwaeleza wazee wa mtaa kwa maneno yake: huyu ni kama mbwa wa msasi, ana kazi na ana mwenyewe. Mara moja wakafahamu, kwa sababu vijiji vya kusini mwa Unguja vina wasasi waliokuwa wakiingia msituni na mbwa kuwinda nguruwe wanaoharibu mashamba. Mbwa mwenye kazi si kitu kigeni kwao. Mbwa anayebusiwa na kulala kitandani ndiye kigeni.

Halafu nendeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia mtakayokaa, pamoja na mwenyeji wenu. Dakika 10 zinatosha. Mtoto wa mtu akikimbia akilia kwamba kuna jibwa pwani, sheha awe tayari anajua ni lipi.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni na kila mtu amuulize sheikh wake, lakini haya ndiyo yaliyotusaidia. Wengi wetu visiwani ni wa madhehebu ya Shafii, na humo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara 7, moja kati yake kwa udongo. Lakini kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Na sheria yenyewe iliruhusu mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba. Kwa hiyo kazi yenu ni moja: mbwa awe mkavu na mdomo wake uwe mbali na watu. Akitoka majini afutwe kwa taulo lake mpaka akauke ndipo apite mbele za watu. Asipitishwe penye kundi la wanaume waliovaa kanzu wakielekea msikitini. Zikisikika adhana, simameni kando wapite. Asikanyage mkeka wala jamvi, hata likiwa tupu, kwani pale panaswaliwa.

Chombo chake cha maji kisioshwe pamoja na vyombo vya nyumba. Mama mkwe alimkatia Toby kifuu cha nazi, akakitundika kwenye msumari nyuma ya nyumba, na hakuna aliyekigusa ila mume wangu. Pa kulala palikuwa ukumbi wa nje, chini ya makuti, upande wa pili wa chumba cha mswala. Hilo ndilo jibu la lile swali la simu, nami nililitoa wiki 8 kabla.

Msikitini mume wangu huenda na mtoto wetu wa kiume, Toby hubaki. Yapo mengine yaliyofanyika: mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimtengea mbwa wa kijana asiyeona mahali pa kungojea, nje ya sehemu ya ibada. Kijijini hatukuomba hivyo, na hatukuona haja.

Hoteli na nyumba za wageni nazo zipigiwe hodi vivyo hivyo. Ombeni neno la meneja kwa maandishi, si la kijana wa mapokezi, na semeni wazi uzito wa mbwa na kazi yake. Nyumba moja ilitupokea kwenye simu kwa bashasha kisha ikatukatalia mlangoni saa 3 usiku, watoto wakiwa wamelala juu ya mabegi. Niliyezungumza naye alikuwa amedhani ninasema mbwa wa kuchezea, wa plastiki. Dereva pia aambiwe. Daladala haifai, msijaribu. Kodini gari, mtandike shuka yenu sakafuni, na mwongezeeni kidogo wa kuosha gari.

Mkitaka mtu wa kuwapa njia, Jumuiya ya Wasioona Zanzibar na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar wanajua mji kwa vidole. Mume wangu alikaa nao asubuhi nzima, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa wao kumuuliza Toby anajuaje kusimama penye shimo.

Hatua ya 4: Mabegi

Chakula cha mbwa bebeni cha siku zote, na cha siku 3 zaidi. Kikiisha, wali na dagaa waliochemshwa bila chumvi vitamvusha. Dawa ya kupe na ya viroboto ni lazima, na dawa ya kuzuia minyoo ya moyo inayoletwa na mbu; daktari wa mifugo aianze kabla ya safari. Nyongeza kwa wanaoogopa mbung'o: Unguja hawapo tena, walitokomezwa miaka ya 1990 kwa kuachiwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi.

Viatu vya mbwa vya miguu minne, mtaona baadaye kwa nini. Taulo 2 za kwake peke yake.

Vile vifuko vya plastiki vya kuzolea kinyesi viacheni nyumbani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kabla hata ya Bara, na Bara ikafuata Juni 2019. Sisi hutumia magazeti na kijiko cha bustani, na kinyesi kinakwenda chooni. Msikifukie mchangani, tafadhali. Kina mama huchimbua chaza pale kwa mikono mitupu.

Kitu kilichotufaa kuliko vyote kilishonwa na fundi kwa bei ya chai na maandazi ya watu wawili: kizibao cha mbwa chenye maandishi makubwa ya Kiswahili, "MBWA WA KAZI. ANAMWONGOZA ASIYEONA. USIMGUSE." Kile cha Kiingereza hakikusomwa na mtu. Hiki kilisomwa kwa sauti na kila mtoto wa skuli aliyepita, na ukishasoma kitu kwa sauti, hofu hupungua.

Hatua ya 5: Kuvuka

Boti ya abiria kutoka Dar huchukua kama saa 2. Pateni ruhusa ya kampuni kabla ya kukata tiketi, na wahini bandarini muingie wa mwanzo mkae pembeni karibu na hewa. Mbwa asile kwa muda wa saa 4 kabla ya kuvuka, hasa kusi likivuma. Ndege ni rahisi zaidi kama mnashukia moja kwa moja uwanja wa Abeid Amani Karume; mwombeni mtu wa mifugo awepo saa mnayofika, si kesho yake.

Hatua ya 6: Mji Mkongwe kwa saa moja tu

Nitasema lisilopendeza: Mji Mkongwe si mahali pa mbwa mwongozaji. Toby amefunzwa kwenye njia za miguu zenye ukingo, asimame kwenye ukingo, angoje amri. Vichochoro vyetu havina ukingo. Vina baraza zinazotokeza kila upande, Vespa zinazopiga honi nyuma yako ghafla, na upana ambao mtu na mbwa wake hawapiti sambamba. Tena kuna paka, paka wa kila rangi, na hakuna mafunzo yanayomfuta labrado paka kichwani.

Nendeni saa 1 asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa. Mume wangu alishika mlango wa msumari wa shaba, akauhesabu kwa vidole, akasikia adhana za utotoni zinavyogonga kuta za mawe katika kumbukumbu yake. Inatosha. Sokoni Darajani asipelekwe kabisa. Forodhani usiku, penye mishkaki na urojo, aende mmoja wenu aje na vifurushi. Chini pamejaa vijiti na mifupa, na mbwa akimeza kijiti cha mishkaki likizo imekwisha.

Hatua ya 7: Pwani

Hapa msiwe na haraka.

Jueni maji kabla ya kujua kitu kingine. Pwani ya mashariki, Jambiani, Paje na Bwejuu, maji yakipwa bahari hurudi mbali hadi karibu na mwamba, na pale chini panabaki vigingi na kamba za mwani. Hayo ni mashamba ya kina mama. Mbwa akikata kamba moja amekula jasho la mtu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa zaidi na hujaa zaidi, mpaka ufukwe wa kutembea unapotea. Ulizeni wavuvi kila jioni kuhusu kesho. Nungwi na Kendwa bahari haiendi mbali hivyo, lakini wageni ni wengi na vibanda vimesongamana.

Wakati mzuri ni saa 12 asubuhi na baada ya saa 11 jioni. Katikati, wekeni mgongo wa mkono juu ya mchanga mhesabu polepole mpaka 7. Mkishindwa, nyayo za mbwa nazo zimeshindwa. Penye mawe makali ya matumbawe, viatu. Maji matamu yawepo kila wakati, kwa sababu akinywa ya bahari atatapika na kuhara usiku kucha, nanyi mko ukumbini kwa mama mkwe.

Mbwa koko wapo pwani, hutembea makundi, na mwongozaji hakufunzwa kupigana. Asubuhi za mwanzo tulimpa kijana wa jirani bakora awe anafuata hatua 30 nyuma. Siku ya nne mume wangu akamwambia abaki nyumbani. Akaenda na Toby kutoka kwa ami hadi penye ngalawa na kurudi, dakika 40. Mimi nilikaa kizingitini nikijifanya ninachagua mchele.

Watoto wa mtaa watarusha mawe siku ya kwanza. Msiwafukuze. Ami aliwaketisha akawahadithia juu ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Kisha mume wangu akamwambia Toby kaa, simama, kushoto, kulia, akatii. Baada ya hapo shida ilikuwa kuwazuia wasimguse.

Hatua ya 8: Mnapokwenda bila yeye

Msitu wa Jozani una kima punju, na mbwa hana kazi pale. Kisiwa cha Changuu kuna makobe wakubwa, wazao wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kisiwa cha Chumbe ni hifadhi. Siku hizo Toby alibaki kivulini na mmoja wetu, kwa zamu. Mtu mmoja akose matembezi, asiachiwe jirani mbwa asiyemjua.

Hatua ya 9: Pemba

Tulipanda ndege ndogo hadi Chake Chake, nusu saa hivi, kuikwepa bahari ya mkondo wa Nungwi. Pemba kumetulia, magari machache, na watalii wachache zaidi, kwa hiyo na mbwa waliofungwa mkanda wachache zaidi. Hodi ya hatua ya 3 izidishwe mara mbili. Na kama mnakuja msimu wa karafuu, angalieni chini: zinaanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba na kando ya barabara, na hiyo ni fedha ya mwaka mzima ya mtu. Mimi ni mtoto wa Wete na bado nilimwacha Toby akakanyaga pembe ya jamvi moja. Niliomba radhi, nikanunua pishi ile yote, na mwenyewe akaniuzia kwa bei ambayo sitaitaja kwa aibu.

Hatua ya 10: Kabla ya kurudi

Mtafuteni daktari wa mifugo siku mnayofika, si siku anapougua. Unguja kuna kliniki ya wanyama ya shirika la ZAASO, na idara ya mifugo ina wataalamu wake. Wekeni miadi hapohapo ya wiki ya mwisho. Uingereza inataka mbwa apewe dawa ya minyoo ya tegu si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia, na daktari aandike tarehe na saa kwenye karatasi, kwa kalamu, na kupiga muhuri. Saa iandikwe kwa hesabu ya kizungu. Yetu iliandikwa saa 3 asubuhi, kwa Kiswahili, na yule afisa wa huko akataka kujua kwa nini daktari alikuwa kazini usiku wa manane.